Bitana ya blauzi ya maleba: anza na jasho la mvaaji

Ukiingia duka la vitambaa hapa Bagamoyo kuulizia bitana, cha kwanza utakachotandaziwa ni ile poliesta nyembamba ya kung'aa. Bei yake nafuu, rangi zote zipo. Kwa gauni la harusi inatosha. Kwa blauzi ya maleba inayobana kifua, na mvaaji anacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na jembe mkononi chini ya taa za jukwaa, achana nayo. Poliesta hainywi jasho. Jasho linabaki kwenye ngozi, bitana inanata, na blauzi inaanza kupanda kiunoni mbele za watu. Mimi natumia pamba.

1. Hakikisha ni pamba kweli. Kinachoitwa pamba dukani mara nyingi ni tetroni, yaani imechanganywa na poliesta. Omba kipande kidogo cha pembeni, chomoa nyuzi za urefu na za upana, uziwashe juu ya sahani. Pamba inawaka upesi, inanuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona majivu na vidonge pamoja, umeuziwa mchanganyiko. Kidonge kikiwa cha moto usikiguse, kinagandia ngozi.

2. Chagua uzito. Blauzi ya kawaida, poplini inatosha. Yenye vijiti vya kusimamisha kifua, au kamba za kukaza mgongoni, inataka marikani nzito au khaki nyepesi, maana hapo bitana ndiyo inayobeba mvuto wote. Satini ya juu ni pambo tu. Vuta kitambaa kwa urefu, kisha kwa upana. Kikilegea upande wowote kati ya hizo, rudisha. Mshazari kitavutika tu, hilo lisikutishe.

Kanga je? Ya pamba tupu, iliyokwisha kufuliwa sana, ni laini mno mwilini. Ila usiiweke chini ya satini nyeupe: maua yataonekana kwa nje, na ile mpya itachuja rangi jasho likiingia. Jina la kanga likiangukia kifuani kwa ndani, hiyo ni siri ya mvaaji.

3. Loweka, anika, piga pasi, ndipo ukate. Pamba hurudi. Mita moja kupungua sentimita 3 hadi 5 si ajabu.

4. Shona bitana na kitambaa cha juu kama kitambaa kimoja. Usitengeneze blauzi mbili halafu ukaziingiza moja ndani ya nyingine. Kila kipande cha bitana kilaze chini ya mwenzake wa juu, vikunje kidogo kufuata mviringo wa mwili ili cha juu kipate nafasi ya ziada, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuzunguka. Baada ya hapo unganisha vipande. Ubavuni acha sentimita 2.5 za akiba kila upande. Maleba hurithiwa, leo anavaa huyu, mwakani mwingine mwenye kifua kikubwa zaidi, na mshono ulio wazi kwa ndani unafumuliwa upesi.

5. Kinga kwapa. Kata nusu duara za pamba, mbili mbili, uzishikize kwa mkono kwenye kwapa. Onyesho likiisha zitoe, zifue, zirudi kesho yake. Satini yenye shanga haifuliki kila usiku.

6. Jaribu kabla ya kumalizia. Mvaaji ainue mikono, ainame, ageuke. Blauzi ikipanda mikono inapoinuliwa, mafundi wengi hukimbilia kuchimba kwapa. Ndiyo wanaizidishia: kwapa likishuka chini, mkono unaondoka na blauzi nzima. Fumua ubavu, pandisha kwapa karibu na mwili kwa kipande cha ziada, na mkononi ongeza nafasi chini ya kwapa.