Jinsi ya Kutenganisha Athari ya Kipato na Athari ya Mbadala kwa Bidhaa Duni

Mwanafunzi wa kidato cha tano akiulizwa kitatokea nini bei ya bidhaa duni ikishuka, mara nyingi hujibu kwamba watu watainunua kidogo kuliko awali. Ni nadra jibu hilo kuwa sahihi, kwa kuwa huchanganya mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja: athari ya mbadala, yaani kuhamia kwenye kilichopungua bei, na athari ya kipato, yaani mabadiliko ya ununuzi kwa sababu fedha ileile sasa inanunua zaidi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba bidhaa ni duni kweli. Neno hili halihusu ubora: bidhaa ni duni kwa mnunuzi ambaye kipato chake kikiongezeka, bei zote zikibaki palepale, huipunguza. Pale Kirumba, Mwanza, udaga, yaani muhogo uliokaushwa, unaweza kuwa duni kwa fundi aliyepata kazi ya kudumu akahamia kwenye wali, ilhali jirani yake, anayeongeza ugali wa muhogo na dagaa kila kipato kikipanda, akauona kuwa bidhaa ya kawaida. Kwa hiyo usiukague udaga ulio kwenye kisado, mwangalie mnunuzi.

Sasa chukua hesabu, ambayo namba zake nimezitunga. Mama mmoja hutenga shilingi 20,000 kwa wiki, akanunua kilo 10 za unga wa muhogo kwa shilingi 1,000 kila kilo na kilo 5 za mchele kwa shilingi 2,000. Bei ya muhogo ikishuka hadi 800, kapu lake la zamani litagharimu 18,000, yaani ameongezewa uwezo wa shilingi 2,000 bila mtu kumpa kitu. Zichukue kwa muda hizo 2,000, kisha uliza angenunua nini kwa bei mpya. Tuseme angechukua kilo 12.5 za muhogo na 4 za mchele. Ongezeko hilo la kilo 2.5 ndilo athari ya mbadala, ambayo daima huelekea kwenye kitu kilichopungua bei, kiwe duni au kisiwe.

Mrudishie sasa zile 2,000. Akijiona ana nafasi, anaongeza mchele hadi kilo 5.5 na kushusha muhogo hadi 11.25. Upungufu wa kilo 1.25 ni athari ya kipato. Jumla, muhogo umeongezeka kwa kilo 1.25: athari ya kipato imevuta kinyume, lakini haikushinda.

Njia hii ya kumwachia mnunuzi uwezo wa kununua kapu lake la awali ni ya mchumi Slutsky, aliyeiandika mwaka 1915. Mchumi mwingine, Hicks, yeye humwachia kiwango kilekile cha kuridhika. Katika mtihani taja unatumia ipi.

Athari ya kipato ikiizidi ile ya mbadala, bidhaa huitwa ya Giffen, na uhitaji wake hupungua bei inaposhuka. Hilo hutaka bidhaa imeze sehemu kubwa ya bajeti. Chumvi haiwezi, maana bei yake ikishuka hakuna anayejiona tajiri. Wachumi Jensen na Miller, mwaka 2008, walionyesha hali hiyo kwa mchele wa kaya maskini za Hunan, China. Kwa udaga wa kando ya Ziwa Victoria nasita kuitarajia, kwa sababu mahindi, viazi na michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) viko meza ya pili tu, na penye mbadala wa karibu namna hiyo athari ya mbadala huwa na nguvu.