Kabla ya Kubadilisha Waya wa Umeme wa Amplifaya

Anayetaka kubadilisha waya wa umeme wa amplifaya au subufa ya sebuleni asitazame unene wa ganda wala mng'ao wa plagi, kwa sababu waya wa bei kubwa hauongezi utamu wa sauti. Kinachostahili kulipiwa ni usalama. Amplifaya inayotumia wati 500 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta zaidi kidogo ya ampea 2, mzigo ambao waya wa shaba halisi wenye milimita 1 ya mraba huubeba bila taabu.

Tatizo ni kwamba baadhi ya nyaya za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Hapa nyumbani Uyole, Mbeya, nilikata waya niliouziwa kuwa ni shaba, nikakwangua uzi mmoja kwa kisu, na chini ya wekundu ukatokea weupe wa alumini. Plagi yake ilikuwa ikipata joto kila tulipotazama filamu.

Fungua plagi ukague fyuzi pia, kwani waya mwembamba wenye fyuzi ya ampea 13 unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Ukisikia mvumo kwenye spika, nakusihi usikate waya wa ethi, yaani ule unaokukinga usipigwe shoti, ili kuuondoa mvumo huo.

Na mvua za Mbeya zinapoanza kunguruma, chomoa plagi pamoja na waya wa antena, maana hakuna waya wa umeme, hata uwe ghali namna gani, unaozuia radi.