STI yako imezeeka: uifufue au uiuze uchukue nyingine?

Wakuu, hii ni kwa wenye Subaru Impreza WRX STI za 2000 mpaka 2007, zile zenye chesisi ya GDB, hasa nyie mnaokaa Dar, Tanga na Mombasa ambako upepo wa chumvi unakula bati hata gari ikiwa imepaki tu. Gari imeanza kula oili, rangi imepauka, bushi zinagonga kila tuta, fundi anakwambia injini kwisha habari, nyumbani wanakwambia uza hilo limekuwa mzigo. Uamuzi wenyewe sio mgumu kama unaanzia mahali sahihi, na mahali sahihi ni bodi, sio injini. Injini unaweza kuitoa ukaweka nyingine ndani ya siku chache, bodi ikioza umebaki na spea.

Kabla hujashika spana hakikisha gari yenyewe ni STI kweli. Usicheke, zipo Impreza kibao barabarani zimevalishwa bampa na nembo ya pinki ya STI na ukizifungua ni injini ya lita 1.5 isiyo na tabo (turbo). Soma namba ya chesisi kwenye kibati: GDB ndo STI, GDA ni WRX ya kawaida, GD2 na GD3 ni zile za 1.5. STI ina gia sita, WRX ya miaka hiyo ina tano. Kama yako imegundulika ni GD3 iliyopambwa basi hesabu imeisha hapohapo, itengeneze itembee vizuri lakini usiitie hela ya STI maana hakuna atakayekuja kukurudishia.

Sasa bodi. Tafuta sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini isikwangue rangi, halafu ipitishe taratibu juu ya matairi ya nyuma, pale kwenye upinde. Kwenye bati itadaka, ukifika kwenye puti (ile ya kuzibia matundu ya bodi) itateleza na kudondoka mkononi mwako, na Impreza hizi pale ndo pa kwanza kuoza kwahiyo usishangae. Halafu fungua buti, toa kapeti yote na spea tairi, mulika tochi pale juu shokapu za nyuma zinapofungwa. Hapa usiwe na haraka. Angalia rangi iliyovimba vimba, angalia kama kuna mshono wa kuchomelea ambao hauko upande wa pili, shika sponji iliyopo hapo kama ina maji. Kisha ingia chini ya gari na bisibisi, bonyeza chini ya milango na pale pa kuwekea jeki, bisibisi ikizama ujue hapo ni kutu iliyopakwa rangi.

Msimamo wangu ni huu: kutu ya juujuu na kwenye upinde wa tairi, hiyo inatibika, inakatwa inawekwa bati jipya. Kutu iliyofika kwenye vishikio vya shokapu au kwenye chesisi za mbele, au gari iliyopigwa ikanyooshwa ikabaki inavuta upande, uza. Najua wapo mafundi wazuri wa kuchomelea lakini wengi watakubandikia kipande cha bati juu ya kilichooza, puti, rangi, gari inang'aa, masika mbili zikipita kutu inachungulia tena, na mbaya zaidi hapo ndo uzito wote wa gari unapokaa ukiwa kwenye kona na spidi.

Bodi ikipita, njoo kwenye injini. Hii iwashwe asubuhi ikiwa baridi kabisa, usikubali fundi aipashe kabla hujafika. EJ20, ndo injini ya hizi STI, nyingi zinagonga kidogo zikiwa za baridi kisha sauti inapotea zikipata moto, hiyo ni pistoni na unaweza kuishi nayo muda mrefu tu. Kinachotisha ni mgongo wa chuma, yaani mlio wa kugonga, unaoongezeka injini ikishapata moto na ukikanyaga mafuta, hapo ni beringi za krenki, na kama ndo hivyo izime, usiendelee kuijaribu jaribu. Moshi wa bluu ni oili inaungua, inaweza kuwa ringi za pistoni au tabo, kwahiyo mwambie fundi apime kompresheni (presha ndani ya silinda) silinda zote nne na akuandikie namba, usikubali jibu la "iko poa". Silinda namba 4 ndo maarufu kwa kufa kwenye hizi injini. Ukikuta tatu ziko sawa na moja imeshuka sana, jua unaongelea kufungua injini.

Taimingi belti: Subaru wanataka ibadilishwe kwenye kilomita 100,000, na kwa EJ20 ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Kama hakuna risiti ya lini ilibadilishwa basi haijabadilishwa, badilisha pamoja na tenshena, puli na pampu ya maji, maana kufungua mara mbili ni kulipa fundi mara mbili.

Injini ikiwa imekufa una njia mbili, ovaholi (kuifungua na kuijenga upya) au injini iliyotumika kutoka Japani. EJ20 ilianza kwenye Legacy 1989 na Subaru waliiaga 2019 na toleo la mwisho la magari 555, kwahiyo bado zipo nyingi ila zote zinazeeka, ile utakayoikuta Gerezani, pale kwenye maduka ya spea Dar, nayo ina historia yake ambayo hakuna wa kukusimulia. Kikubwa usiuziwe EJ205 ya Forester ukaambiwa ni ile ile. STI hizi za Japani ni EJ207, hedi tofauti, kontroli boksi tofauti, na mwisho wa siku fundi wa umeme anaanza kuunganisha nyaya kwa kubahatisha. Mimi kama bloku haijapasuka napendelea ovaholi ya injini iliyopo, inachelewa na inauma mfuko lakini unajua ndani kumewekwa nini.

Hesabu sasa. Andika namba tatu kwenye karatasi: ukiuza ilivyo utapata ngapi, kuifufua ni ngapi, na GDB nzima iliyosimama inauzwa ngapi. Mfano tu: ilivyo milioni 12, kufufua milioni 15, nzima milioni 30. 12 na 15 ni 27, inaonekana inalipa. Lakini kwenye ile 15 ongeza theluthi, maana magari haya ukifungua kimoja unakuta vitatu, inakuwa 20, jumla 32. Hapo tayari umeipita gari nzima, kwahiyo kama unafufua ni kwa sababu unaipenda na unajua imepitia nini, sio biashara, na ni sawa tu ilimradi usijidanganye.

Upande wa kubadilisha nao una mitego. Ukiuza GDB mbovu ukanunua GDB ya mtu mwingine, umenunua gari ya umri uleule na magonjwa yaleyale, tofauti ni kwamba ya kwako unayajua. Kwahiyo ile sumaku na bisibisi vinaenda na wewe na huko. Ukitaka kuagiza Japani ukiwa Tanzania, ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa ni 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000 na 10% ikizidi hapo, ndo maana EJ20 yenye cc 1994 inapona na ile STI ya cc 2457 inaangukia kwenye 10%, halafu juu yake kuna ile ya uchakavu kwa gari kuukuu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujatuma hata senti. Wenzetu Kenya mlango umefungwa kabisa, gari iliyozidi miaka 8 haiingii, kwahiyo Nairobi GDB utanunua iliyokwisha kuwepo nchini tu, na mwenye nayo nzima anajua hilo anapotaja bei.

Na ukisema unataka STI mpya, haipo. Ya mwisho ni ya 2021, Machi 2022 Subaru wakatangaza kwamba WRX mpya haitatolewa kwa toleo la STI. Kuna BRZ na ndugu yake Toyota GR86, gari tamu lakini haina tabo, inasukuma nyuma, imelala chini, matuta ya mitaani kwetu utayajua yote kwa majina.

Kuna njia ya tatu watu wanaisahau. Kama STI ndo inakupeleka kazini kila siku, tatizo lako kubwa ni usafiri. Chukua IST au Vitz iliyo safi, STI iingie gereji bila presha. Gari inayosubiriwa Jumatatu inatengenezwa kwa kulipua.

Ukishaamua kufufua, mfumo wa kupooza injini na taimingi belti vinatangulia, breki, bushi na shokapu, halafu bodi, rangi ya mwisho kabisa. Wengi wanaanza na rangi kwa sababu ndo inaonekana, halafu injini inatolewa na spana zinakwangua. Mlipe fundi kwa hatua, spea nenda kanunue naye, piga picha kila kinachofunguliwa na vya zamani uvichukue. Usiiache imefunguliwa kwenye gereji ya mtu miezi bila kuonekana, utakuta gia boksi ya sita imeshahama. Ukibadili injini au rangi peleka taarifa TRA kadi isahihishwe, na bima kubwa ongea nao thamani mapema ukiwa na risiti mkononi, vinginevyo siku ya ajali watakulipa bei ya Impreza kuukuu.