SOMO: Kuchagua hoteli ya kifahari Zanzibar bila kulipia bahari iliyokwenda zake

Kila mara mtu ananitumia picha ya hoteli ya Unguja na swali la maneno mawili: "Hii vipi?" Nimechoka. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo. Nazungumzia hoteli za bei ya juu, zile ambazo usiku mmoja ni mshahara wa mtu, maana huko ndiko ukikosea unaumia.

1. Chagua msimu. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, bei zinashuka na baadhi ya hoteli zinafunga kabisa. Juni hadi Oktoba ni pakavu, pana upepo wa kusi. Desemba hadi Februari ni joto, kaskazi, na bei za sikukuu zisizo na huruma.

2. Chagua upande wa kisiwa kabla ya jina la hoteli. Watu wanaanza na jina, kisha wanashangaa jua linazama nyuma ya jiko. Kendwa, na Nungwi ya upande wa magharibi: machweo, maji ya kuogelea karibu siku nzima, watu wengi, muziki usiku. Mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani: macheo, mchanga mweupe, utulivu zaidi, lakini soma hatua ya 3 mara mbili. Paje ni makao ya wacheza kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Wakati wa upepo, mbele yako utaona kamba na vitambaa kuliko bahari. Michamvi ya Kae ni ya kipekee: iko kwenye rasi ya mashariki ila inatazama ghuba ya Chwaka, kwa hiyo inapata machweo. Mji Mkongwe una Park Hyatt na Serena pale Shangani, ukutani mwa bahari kabisa, lakini pale unafuata mji, hufuati kuogelea.

3. Maji. Hapa ndipo nilipochomwa, na ndipo wengi wanapochomwa. Picha zote za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Hakuna mpiga picha anayelipwa kupiga bahari iliyokupwa. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa, wakati wa bamvu (zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida), hufika karibu mita 4. Upande wa mashariki ufuo ni tambarare hadi kwenye mwamba, hivyo maji yakikupwa yanaweza kurudi nyuma kilomita nzima na zaidi sehemu nyingine. Unatoka na taulo lako la nyota tano, mbele yako kuna mchanga, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na kina mama wanaovuna mwani. Mandhari ni nzuri sana, sikatai, na mimi huenda kutembea huko. Ila kama umemlipia mkeo "chumba cha baharini" akiamini ataogelea asubuhi, utakuwa na maelezo ya kutoa.

Onyo la kwanza: bwawa zuri la kuogelea si ishara ya bahari nzuri. Mara nyingi ni kinyume chake, bwawa kubwa lipo kwa sababu bahari inaondoka. Onyo la pili: gati refu la mbao linaloingia baharini ni la kupendeza kwenye picha, lakini jiulize kwa nini limehitajika kuwa refu. Onyo la tatu: usiulize mapokezi "mnaweza kuogelea?" Watasema ndiyo. Uliza: "Maji yakikupwa wakati wa bamvu, natembea hatua ngapi hadi maji ya kiunoni?" Kisha omba picha ya saa nne asubuhi, siku ya mwezi mpevu. Wakisita, umeshajibiwa. Onyo la nne: ukitembea mwambani vaa viatu. Kuna wale wanyama wa baharini weusi wenye miiba mirefu, nao hawajali umelala chumba cha bei gani.

4. Chumba. "Kinatazama bahari" kinaweza kuwa kipande cha bluu kati ya minazi miwili. Uliza namba ya jengo na ghorofa.

5. Bei. Uliza bei ya wakazi kama una kitambulisho cha Tanzania au kibali cha ukaazi. Mara nyingi ipo na haitangazwi. Uliza kama kodi imo, pamoja na ile ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Uliza chakula ni cha asubuhi tu, milo miwili, au vyote na vinywaji. Kumbuka ukikaa mashariki, kwenda kula nje usiku ni teksi.

6. Maoni ya wageni: soma ya mwezi uleule unaokwenda, acha mengine.

7. Usafiri kutoka uwanja wa ndege: Nungwi ni zaidi ya saa nzima, jumlisha kwenye bajeti.

8. Lipa kwenye akaunti yenye jina la hoteli. Namba ya simu ya mtu, hapana.

Maswali chini. Someni kwanza.

MASWALI

Mchaga_Asilia: Mkuu, kwa hiyo hoteli gani nzuri?
Mtoa somo: Hatua ya 1 hadi ya 8.

Mchaga_Asilia: Si utaje moja tu kaka.
Mtoa somo: Sijui unakwenda lini, na nani, na mfuko gani. Nikitaja moja, kesho utarudi kunilaumu.

Dada_Ubungo: Umetutisha na mashariki. Ina maana Matemwe hapafai?
Mtoa somo: Sijasema hapafai, soma tena. Matemwe iko mkabala na kisiwa cha Mnemba, ukipenda kuzamia na kutazama samaki huna pa karibu zaidi. Nimesema ujue saa za maji.

Mwana_wa_Takaungu: Umesema saa nne asubuhi mwezi ukiwa mpevu. Kwa nini saa hiyo hasa? Kila mwezi ni hiyohiyo?
Mtoa somo: Swali zuri, kaa chini. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa haupo kabisa, mwezi na jua vinavuta kwa mstari mmoja, ndiyo bamvu. Siku hizo mwezi hupita utosini karibu na adhuhuri au usiku wa manane, na kwetu maji hujaa takriban masaa manne baada ya hapo. Ndiyo maana bamvu la Unguja hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne. Kisha kila siku saa zinasogea mbele dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi, na hayaondoki mbali, hayo ndiyo maji mafu.

Bi_Kirembo: Wazee wetu hawahitaji jedwali. Tarehe za mwezi wa Kiislamu zinatosha: bamvu ni mwezi mosi na kumi na tano, maji mafu ni saba na ishirini na mbili.
Mtoa somo: Ahsante bibi, hiyo ni bora kuliko somo langu lote.
Bi_Kirembo: Ila bamvu lenye nguvu huchelewa siku moja mbili baada ya mwezi kuandama. Na ukienda Ramadhani, usile hadharani vijijini. Hotelini hawakukatazi.

Kijana_Nairobi: Diani nako ni vivyo hivyo?
Mtoa somo: Mwamba upo, kupwa kupo, na saa hazitofautiani sana. Maswali ni yaleyale.

Mzee_wa_Safari: Mmesahau Pemba. Kule kuna chumba kilicho chini ya maji, hoteli ya Manta, tangu 2013.
Mtoa somo: Kweli, kinaelea baharini na chumba cha kulala kiko chini, samaki dirishani. Magharibi ya Pemba bahari inashuka ghafla, ndiyo maana wazamiaji wanapapenda. Unafika kwa ndege ndogo, kisha gari kupita karibu na msitu wa Ngezi.

Mchaga_Asilia: Urojo mzuri uko wapi?
Mtoa somo: Sasa umeuliza kitu. Forodhani jioni ni kwa picha. Kwa ladha, ingia vichochoroni mchana, kaa palipo na foleni ya wanafunzi.

Harusi_Tarajiwa: Tunafunga ndoa tarehe 12 Shawwal, tunalala Matemwe usiku nne kuanzia kesho yake. Nimekosea?
Mtoa somo: Mmeangukia bamvu. Asubuhi bahari itakuwa mbali, amkeni taratibu. Maji yanaanza kurudi baada ya saa nne asubuhi, kuanzia saa saba mchana mnaogelea hadi jioni, na saa hizo zinasogea mbele kila siku. Mkiweza kusogeza fungate hadi tarehe 21, mtaogelea asubuhi. Boti ya Mnemba ulizeni inatoka saa ngapi siku ya bamvu, wasije wakawatembeza mchangani na mabegi.
Harusi_Tarajiwa: Tiketi tumeshakata.
Mtoa somo: Basi waombeni kifungua kinywa cha kuchelewa. Hoteli za bei hiyo hawakatai.