Kabla hujanunua tanga jipya: ninavyoiandaa Hobie 16 kwa mashindano

Kila mwaka upepo wa kusi unapoanza kukaza, hakosi mtu wa kunifuata pale ufukweni Msasani na swali lile lile: "Fundi, ninunue tanga jipya?" Namjibu anionyeshe sukani kwanza.

Mimi nimekulia kwenye ngalawa, Mkokotoni. Siku ya kwanza kuiona Hobie 16, boti ya matanga yenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, nilicheka. Nilidhani ni ngalawa iliyonyimwa mtumbwi wa kati, ikaachiwa ndubi mbili za pembeni. Kicheko kilikatika baharini, tulipotaka kugeuka kwenye boya la kwanza: ikagoma katikati ya upepo, ikasimama, ikaanza kurudi kinyumenyume, huku boti nne zikitupita.

Aliyeibuni, Hobie Alter wa California, alikuwa mtengenezaji wa mbao za kuteleza kwenye mawimbi, na alitaka chombo cha kupita mawimbini na kupanda mchangani bila kusaidiwa. Kwa hiyo hakina ubao wa kuzamisha katikati. Kina urefu wa mita 5.04, upana mita 2.41, na uzito wa kilo kama 145 tu. Kinachokizuia kisisukumwe pembeni ni umbo la mitumbwi yake, iliyonyooka upande wa nje na yenye tumbo upande wa ndani, pamoja na sukani mbili. Zikikaa vibaya hizo, tanga la dhahabu halikusaidii.

Inua tezi, yaani nyuma ya boti, uiweke juu ya matairi mawili ya gari ili sukani zining'inie. Zishushe mpaka zijifunge, kisha shika ncha ya bapa, ule ubao wa usukani unaoingia majini, uitikise. Ikicheza, kuna nafasi kati ya bapa na kishikio chake. Mimi hukata vipande vya plastiki ya dumu la mafuta ya kula, nikavichomeka pande zote mbili mpaka mchezo uishe. Usibane sana: lazima usukani uweze kuruka wenyewe ukigusa mwamba, na pale kwetu maji yakitoka, miamba haikosi.

Halafu pima. Weka alama ya penseli kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila bapa, kimo kimoja. Pima umbali kutoka bapa hadi bapa, mbele kisha nyuma. Mbele kuwe kufupi kwa milimita mbili au tatu, basi. Kama sivyo, legeza kiungo cha fimbo inayounganisha sukani, zungusha kidogo, pima tena. Nimekuta boti ambayo tofauti ilikuwa sentimita mbili. Mwenyewe alikuwa anavuta breki msimu mzima na kulaumu tanga.

Mwisho tazama kwa ubavuni. Ncha ya chini ya bapa ielekee mbele kidogo, chini ya boti, isibaki nyuma. Ikibaki nyuma hata kidogo, mkono wako utapigana na usukani mpaka bega lilegee. Hayo yalinipata karibu na kisiwa cha Bongoyo: mwani ulinasa, bapa likainuka nusu bila mimi kujua, nikamaliza mzunguko mzima nikivuta kwa mikono miwili. Kipimo changu cha baharini ni vidole viwili. Ukiweza kuongoza kwa vidole viwili wakati wa kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo, umepatia.

Sasa mlingoti. Kwenye boti hii tunaulaza nyuma kuliko macho yanavyotaka. Ukilala nyuma, pua haziwi nyepesi kuzama, na boti inabisha karibu zaidi na upepo. Fupisha nyaya za pembeni tundu moja, refusha waya wa mbele, pande zote mbili sawasawa, na awepo mtu wa kushika mlingoti muda wote. Kisha vuta demani, kamba ya kukazia tanga kubwa, mpaka mwisho. Makapi mawili ya demani yakiachana kama vidole vinne, simama hapo. Yakigusana kabla ukingo wa nyuma wa tanga haujakaza, umezidisha. Jua pia kwamba kila tundu unalolaza mlingoti linaongeza uzito wa usukani mkononi. Ndiyo maana nilianza na sukani.

Ukishatweka tanga dogo la mbele, vuta jarari yake, kamba ya kulipandishia, kwa nguvu mpaka waya wa mbele wenyewe ulegee, kwa sababu mzigo wote sasa umebebwa na waya ulio ndani ya tanga hilo. Wengi huogopa hapa, mlingoti ukabaki unayumba kwenye kila wimbi.

Fito za tanga zikaze kiasi cha kuondoa mikunjo tu. Upepo mwembamba zilegeze, la sivyo zitakataa kugeuka. Upepo ukizidi, vuta tanga chini kwa kamba ya mlingotini mpaka tumbo lake lipungue.

Mitumbwi nayo igonge kwa sarafu, kuanzia puani hadi tezi. Mlio mkavu ni mzima. Mlio wa bubu, kama unagonga boga, maana yake matabaka yameachana ndani, na mahali penyewe mara nyingi ni sitaha iliyo mbele ya mlingoti. Mlingoti wenyewe uzamishe majini ukiangalia mapovu. Ukiingiza maji, siku utakapopinduka boti itageuka miguu juu kabisa.

Kuhusu kugeuka: usikurupuke. Ingia na mwendo, sukuma usukani polepole, na pua zikishakabili upepo legeza demani kama mita moja. Tanga la mbele liache limeshikwa upande wa zamani mpaka lisukume pua zivuke, ndipo mwenzako alihamishe. Yeye asiwahi kuvuka. Kuwahi kwake ndiko kulikotugomesha siku ile ya boya. Boti ikigoma hata hivyo, legeza matanga, geuza usukani kinyume, iache irudi nyuma hadi ielekee unakotaka.

Kurudi na kusi mgongoni ni hadithi nyingine. Mtumbwi wa chini ya upepo ukizamisha pua, boti husimama ghafla na nyinyi mnaendelea na safari. Kaeni nyuma kabisa mpaka mguse fimbo ya sukani, na pua ikianza kumeza maji achia tanga la mbele kwanza. Mashindano makubwa ya daraja hili yanataka wawili wenu mfikishe kilo 129. Mimi na mwenzangu tunapungua, kwa hiyo kusi ya Julai hututoa jasho zaidi kuliko majirani wanene, na wao hutulipia upepo ukififia.

Jambo dogo la mwisho, kabla ya kusukuma boti majini: zungushia mkanda kila pini ya nyaya. Msimu uliopita pini moja ilichomoka tukiwa bado mchangani, nikaitafuta nusu saa kwa magoti, na honi ya kuanza niliisikia nikiwa nimeshika kiganja cha mchanga.