Kupanga waridi kwenye jagi kwa mara ya kwanza

Mashamba mengi ya waridi Uganda yako kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo Kampala na Entebbe ua hilo si la kutafuta mbali.

Shina lizidi kimo cha jagi kwa nusu yake: jagi la sentimita 20, shina 30. Likate mshazari, sentimita 2 kutoka chini, kwa kisu kikali. Mkasi butu huponda mirija ya maji ndani ya shina. Ng'oa majani yote yatakayozama, maana yakioza bakteria huziba shina. Lita 1 ya maji: kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya jiki. Sukari bila jiki ni kuwalisha bakteria.

Bandika selotepu mdomoni mwa jagi kwa mistari ya kukatana, miraba ya sentimita 2 hivi ya kushikilia mashina. Anza na matawi ya majani ya kupambia, kisha waridi 5.

Ua likiinamisha shingo, mara nyingi ni hewa imeingia shinani. Likate upya ndani ya maji, lifunge na gazeti, lisimamishe kwenye maji ya vuguvugu kwa saa 1.

Na mkungu wa ndizi unaoiva? Chumba kingine. Gesi yake huzeesha maua.