Kata simu, kisha piga wewe

Mtu akikupigia akasema anatoka benki, hata jina la benki likitokea kwenye kioo cha simu, usilichukulie kuwa ushahidi. Namba na jina la mpigaji hughushiwa kirahisi. Kata simu bila kuona haya, tazama namba iliyochapwa nyuma ya kadi yako, upige mwenyewe. Usiirudie ile iliyokupigia.

Kubwa zaidi ni zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe mfupi, mara nyingi 6. Huo ni ufunguo wa akaunti. Tapeli huenda nywila yako anayo tayari. Anapozungumza nawe yuko palepale kwenye ukurasa wa kuingilia, anasubiri umsomee. Tarakimu hizo huisha muda upesi, ndiyo maana anakuharakisha na kukutisha kwamba akaunti inafungwa. Usimsomee mtu yeyote, hata akijua jina lako kamili.

Na ndugu akilia kwenye simu akitaka pesa sasa hivi, mpigie kwa namba yake unayoijua. Siku hizi kompyuta huiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi tu. Wazee wetu waelezeni hili mapema, kabla hawajapigiwa.